Ng'ombe wa Ezekia Kwenye Muhuri

Vijana wa karakana, mwalimu wenu amenibembeleza wiki tatu niwaandikie jinsi kazi ya mihuri ilivyokuwa kabla ya hiyo mashine yenu inayochonga yenyewe huku ninyi mkinywa chai. Nimekubali kwa sharti moja, asinirekebishe. Nikiandika kwamba nilikuwa na wivu, asije akaubadilisha uwe bidii.

Maana wivu nilikuwa nao. Nilikuwa nao asubuhi na jioni, miaka na miaka, kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo nilimleta kazini mimi mwenyewe. Jina lake Ezekia.

Karakana yetu ilikuwa Kawangware, sehemu tuliyoiita Kongo, kwenye ploti ya Mzee Njuguna. Mzee alikuwa mwenyeji wa hapo. Shamba la baba yake lilikuwa limegeuka vyumba vya kupangisha, na kile cha mbele, chenye dirisha kubwa, alikifanya karakana. Tulitengeneza stempu za mpira, vibao vya milango ya ofisi, vyuma vya kuchomea ng'ombe alama, na mara mojamoja muhuri wa kweli. Muhuri wa kweli hautumii wino. Una vipande viwili vya chuma, tulivyoviita jike na dume. Jike ndilo la shaba, lililochongwa mashimo. Dume limeinuka kulijaza. Karatasi ikibanwa katikati inatoka na alama iliyovimba, ukipitisha kidole unaisikia. Jike ndilo kazi ngumu, nalo lilikuwa kazi yangu.

Mimi nilikaa Kianda. Kila asubuhi nilitembea, navuka Ngong Road, nafika Kawangware viatu vikiwa na rangi ya udongo wa vijiji viwili. Kazi ya kuchonga kinyumenyume niliizoea hata nikawa nasoma maandishi kwenye kioo cha kinyozi bila kugeuza shingo. Mke wangu alisema nimeharibika. Labda.

Sasa nisikilizeni, hili ni la kazi. Mchoro wa muhuri huchorwa mkubwa, kama sinia, kwa sababu wakubwa wanaokaa kwenye kamati wanataka kitu cha kuzungumzia. Lakini muhuri wenyewe ni mdogo, upana wa kifuniko cha chupa ya wino. Ile safari ya kutoka sinia hadi kifuniko ndiyo inayoua kazi. Mistari miwili iliyoachana vizuri kwenye karatasi, kwenye shaba inakuwa jirani wa kupigana viwiko. Ukuta wa shaba uliobaki kati yao unakuwa mwembamba sana, ukibanwa mara chache unavunjika, na mistari miwili inakuwa shimo moja.

Fundi wangu wa kwanza, Mhindi mmoja mzee aliyekuwa na duka River Road, alijua dawa yake. Alikuwa mchoyo wa maarifa, yule. Akifika kwenye jambo zuri alinigeuzia mgongo. Lakini miaka michache baada ya uhuru, alipokuwa akifunga duka ahame, alinibandikia mchoro ukutani, akanirudisha nyuma hatua kwa hatua hadi nje ya mlango, hadi upande wa pili wa barabara. Akaniambia ninyooshe mkono na kidole gumba. "Rudi mpaka kidole kifunike mchoro wote. Sasa toa kidole. Kile hukioni kutoka hapa, shaba haiwezi kubeba." Hilo tu. Nimelibeba maisha yangu yote, na vitabu vya mwalimu wenu havina.

Ezekia nilimjua kutoka nyumbani, Bungoma. Mama zetu waliteka maji chemchemi moja. Alipokuja Nairobi alipanga chumba Makina, kijiji jirani na kwetu Kianda, akawa anachora ng'ombe kwenye kuta za bucha. Kama mmewahi kuona ng'ombe wa bucha anayetabasamu kana kwamba hajui yuko wapi, huenda ni mkono wake. Alikuwa na sheria zake. Ng'ombe lazima atazame mlango, alisema, kwa sababu akitazama barabara, wateja wanamfuata wanaenda zao. Wenye bucha waliamini, na wakamtafuta yeye.

Msimu mmoja wa mvua ndefu kuta zilikuwa zimelowa, rangi haishiki, akawa anashinda njaa. Nikamhurumia. Nikamwambia Mzee Njuguna nina mtu anayejua kuchora. Vijana, mkimhurumia mtu mwenye kipaji kuliko chenu, mjue mnachokifanya.

Kufika mwezi wake wa pili kazini, wateja walikuwa wanamuuliza yeye. Mtu anaingia, ananiona nimeinama kwenye shaba, miaka tisa niko pale, anasema, "Yule wa kuchora yuko wapi?" Hata mke wangu. Alimwomba Ezekia amchoree maua kwenye sanduku letu la bati. Mimi sikuwahi kuombwa hata ua moja. Nilipouliza, alinijibu akipepeta mchele, "Wewe kazi yako ni ya chuma, Baba Nekesa. Huyu mkono wake ni laini." Nikayatazama maua hayo kila nilipochukua shati, na roho ikaniuma kila shati.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimfundisha kung'arisha shaba kwa majivu na mafuta hadi ujione meno. Nilimfundisha kupiga miraba juu ya mchoro ili kuupunguza, mraba kwa mraba. Nilimfundisha kupaka shaba moshi wa koroboi ili alama ya sindano ionekane. Kila kitu nilimpa. Lile la kurudi nyuma na kidole gumba sikumpa. Mara ya kwanza nilijiambia nitamweleza kesho. Baadaye nikaacha kujidanganya.

Ndipo ikaja ile kazi. Idara moja ya serikali, ya mambo ya mifugo, ilikuwa imeundwa upya na inataka muhuri wake, si ule wa wakoloni uliokwaruzwa jina. Afisa alikuja na gari, akasimama karakanani kama mtu anayeogopa kugusa ukuta, akaeleza. Wanataka fahali katikati, kamba imezunguka duara, jina chini. Watatia sahihi yao kwenye mchoro watakaoupenda, na baada ya hapo mstari hauguswi.

Mkitaka kujua nilitaka nini maishani, nilitaka huo. Nilikuwa nimechonga michoro ya watu wengine tangu ujana wangu. Muhuri wa serikali ya watu weusi, wenye mchoro wangu mimi, ungegongwa kwenye karatasi hadi wajukuu zangu wazeeke.

Mzee Njuguna akasema, "Mchore wote wawili, mimi nitapeleka moja."

Nikachora siku nne. Fahali wangu alikuwa na mistari minene, miguu imeachana, nundu wazi, kamba ya mikato michache. Alichorwa kwa ajili ya shaba. Mzee akaweka michoro miwili juu ya meza ya kazi, akavaa miwani, akatazama wangu kwa muda mrefu.

"Baba Nekesa," akasema, "hii ni ng'ombe ama ni meza?"

Fundi wa mpira, mwenzetu aliyekata stempu, akacheka hadi akaweka kisu chini. Ezekia peke yake hakucheka, na hilo pia lilinikera.

Fahali wa Ezekia, jameni. Siwezi kumsema vibaya hata leo. Alikuwa amesimama kama amesikia jina lake likiitwa. Ngozi ya shingo ilikuwa na mikunjo, manyoya ya mkia yalihesabika, kamba ilisokotwa uzi kwa uzi. Alikuwa anatazama kulia, kwa sababu, alieleza, huko ndiko jina la idara linakoishia, asome mwenyewe. Mzee alipangusa miwani. Nikajua nimeshindwa kabla hajafungua mdomo.

Saa ya chakula wote walipotoka, niliubandika mchoro wa Ezekia ukutani. Nikarudi nyuma, nikatoka mlangoni, nikavuka njia hadi kwa muuza makaa. Nikanyoosha kidole, nikakitoa.

Miguu minne ilikuwa imekuwa miwili. Ya nyuma ilikuwa donge moja. Kamba haikuwa kamba tena, ilikuwa ukungu. Nikasimama pale, muuza makaa akinitazama, na sitawaficha, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Ezekia aliporudi alinikuta naukunja. Akaja karibu, akaushika kwa ncha za vidole.

"Baba Nekesa, hebu niambie ukweli. Mimi nimezoea ukuta, ukuta iko na nafasi, unaongeza tu. Hii kitu inaenda kuwa ndogo. Kuna mahali haiko sawa?"

Aliniuliza. Hilo ndilo nataka mlishike. Hakujigamba wala hakunipita. Alikuja akauliza mtu aliyejua.

"Iko sawa kabisa," nikamwambia. "Ni nzuri sana."

Akafurahi, akanishika bega.

Nilikuwa nimepanga hivi kichwani: kule ofisini watu wakubwa wamesoma, wataliona, watamrudishia mchoro, na Mzee atakumbuka meza yangu. Kumbe watu wakubwa waliuweka juu ya meza kubwa, wakauinamia kwa karibu, kila mtu akasifu mkia. Siku ya Alhamisi mchoro ulirudi una sahihi kwenye pembe na muhuri wa tarehe. Mzee Njuguna akaniletea mwenyewe.

"Chonga vile iko," akasema. "Usiguse kitu. Hata nywele."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mchoro ukiwa mzuri na muhuri ukawa mbaya, analaumiwa nani? Mchoro uko pale kwenye faili, una sahihi, unameta. Watasema mchongaji ndiye mkono wake umeisha. Nilikaa na ile karatasi mapajani na jasho likinitoka, na Ezekia upande wa pili akipiga mluzi.

Nilianza Jumatatu, nikachonga siku sita. Sijawahi kuchonga vizuri vile. Nilinoa kalamu zangu za chuma kwenye jiwe la mafuta kila baada ya mistari michache, nilishika pumzi kila mkato. Nilidhani labda ufundi utashinda ujinga niliouacha upite. Siku ya sita nikajaribu.

Sisi tulijaribu muhuri kwa ugali. Msicheke. Mhindi wangu alitumia nta ya kufungia barua, lakini nta ya kununua iko wapi, na ugali uliolala, ule mgumu wa asubuhi, unachukua alama hata ya ukucha. Mama Nekesa alizoea kunifungia kipande cha pili kwenye gazeti, akisema hicho ni cha kulisha serikali. Nikapaka jike mafuta kidogo, nikaligandamiza kwenye ugali, nikaliinua.

Fahali alikuwa amesimama kwenye matope. Kutoka magotini kwenda chini, donge tupu. Kuta za shaba kati ya miguu ya nyuma zilikuwa zimeshavunjika kwa ule mgandamizo mmoja. Kamba ilionekana kama mnyoo. Fundi wa mpira alichungulia begani kwangu, akaguna, akaenda zake, na hapo nikajua itakavyosemwa.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa nilishuka Makina na ule ugali kwenye gazeti. Nilimkuta Ezekia juu ya ngazi mbele ya bucha, anamalizia pembe, kwa maana bucha zilikuwa bado zinamwita.

"Baba Nekesa," akasema kutoka juu, "umeniletea lunch?"

"Shuka uone."

Akashuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akafungua gazeti. Alitazama sana. Nilingoja aseme, mkono wako umefanya nini? Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu, na mengine yalikuwa makali.

"Miguu imeshikana," akasema.

"Ndiyo."

"Kamba pia imekufa." Akakaa kwenye ngazi ya chini. "Ni mimi nimeharibu. Nilichora ya ukuta."

Tu hivyo. Hakuzunguka. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Nikamweleza kidole gumba hapo hapo, mbele ya bucha, watu wakipita kwenda msikitini na sokoni. Nikamrudisha nyuma hadi ng'ombe wake wa ukutani akafunikwa na kidole. Akakitoa kidole, akatazama, akacheka kidogo. "Na ni kitu rahisi hivyo," akasema. Hakuniuliza nimelijua lini. Nami sikusema.

Jumatatu tulikwenda ofisini wawili, yeye na koti la kuazima, mimi na jike la shaba mfukoni na ugali mwingine kwenye gazeti. Nilikuwa na hofu kwamba atazungusha maneno yaniangukie mimi. Afisa akatukaribisha kwa uso wa mtu aliye na kazi nyingi.

"Bwana mkubwa," Ezekia akasema, amesimama wima, "makosa ni yangu. Nilichora mistari mingi, shaba haiwezi. Huyu hapa ndiye ameona. Bila yeye tungewaletea aibu."

Afisa aligonga jike kwenye ugali yeye mwenyewe, akaonekana kuufurahia mchezo huo kuliko alivyotaka tujue. Kisha akainuka, akanipa mkono. Vijana, mtu wa serikali alinipa mkono kwa jicho langu zuri na uaminifu wangu. Nikaupokea. Nikasema asante. Ezekia alikuwa anatabasamu kando yangu kama ndiye aliyepewa.

Hapo ndipo wivu ulipozidi. Mngedhani ungekwisha. Zamani nilimwonea wivu kwa mkono wake. Sasa nikamwonea wivu kwa jinsi anavyokosea. Mimi nikikosea ninafunika, ninazungusha, ninatafuta wa kubeba. Yeye alikiri kosa mbele ya kiti cha ngozi na picha ya Rais ukutani, na alitoka pale akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

Na bado hayajaisha. Afisa akamtaka achore upya hapo hapo. Ezekia akapewa penseli, akachora haraka, mistari minene, miguu imeachana, nundu wazi, kamba mikato michache. Nilitazama nikijua kinachotokea. Alikuwa anachora meza yangu. Hakuiba, shaba ndiyo inayotaka hivyo, na sasa alikuwa ameielewa. Ila ya kwake ilikuwa na kitu shingoni, mstari mmoja tu, ukaifanya isikie jina lake likiitwa. Mimi nilikuwa nimechora siku nne na mstari huo sikuupata. Yeye aliupata akiwa amesimama.

"Hii hata ni nzuri kuliko ya kwanza," afisa akasema, akatia sahihi.

Muhuri huo niliuchonga kwa kipande kipya cha shaba. Ulitumika miaka mingi. Cheti cha kibali cha ng'ombe cha shemeji yangu kilikuwa nao. Kila nilipouona, kidole changu kilikwenda moja kwa moja kwenye ile shingo.

Ezekia alieneza habari yangu Kianda na Makina yote. Msibani, harusini, akinitambulisha alisema, "Huyu ndiye mwenye jicho. Kitu ikimpita huyu, ujue haikuwako." Watu walinipa kiti. Kila kiti nilichopewa nilikikalia vibaya.

Miaka ya themanini ilikuwa imesonga sana alipoanza kuishiwa na macho. Rangi zile za kuta, labda, au ukoo tu. Alikuwa ameacha kuchora. Nilikwenda kumwona mchana mmoja chumbani kwake Makina, mkewe akatuwekea chai na mandazi. Tukazungumza habari za nyumbani, nani amezikwa, nani ameuza shamba. Kisha akageuza uso upande niliokaa, akiwa hanioni sawasawa.

"Baba Nekesa. Ile siku ya kwanza nilikuonyesha ile mchoro. Kabla ipelekwe. Wewe hukuiona hiyo makosa?"

Alikuwa hana hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mwenyewe akasahau wapi. Nikaona amekaa na swali hilo miaka yote, na amengoja hadi asiweze kuuona uso wangu ndipo aulize.

Nilikuwa na njia mbili. Niseme niliiona, ajue moyo wangu ulivyokuwa. Au niseme sikuiona, nalo jicho langu, kitu pekee nilichomshinda nacho duniani, nilitupe mbele yake.

"Sikuiona," nikasema. "Ilinipita."

Akakipapasa kikombe chake, akakiinua. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi chai ikamwagika, akamwita mkewe kutoka nje. "Mama Ruth, kuja usikie. Kumbe hata huyu ilimpita. Na mimi nimekaa miaka yote hii nikiona niko peke yangu mjinga." Alipangusa machozi kwa nyuma ya mkono. "Unajua vile nilikuwa nakuonea wivu, wewe? Hiyo jicho yako. Nilikuwa naomba Mungu ikose mara moja tu."

Nikamwambia imekosa. Akanishika bega, mahali palepale alipolishika siku ile karakanani, akaniambia ninywe chai isipoe.

Tulimzika mwaka uliofuata, na ninyi ndio wa kwanza kuambiwa kwamba niliiona.